Mwaka wa Kufa Haujulikani

Ofisi yetu ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa ukutani, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuisahau: aliye hai haingii. Tulikuwa tunatengeneza kamusi ya wajina, kitabu kikubwa ambamo kila jina la mtu lina sehemu yake, na chini ya jina hilo wamepangwa watu mashuhuri waliowahi kuitwa hivyo, wa historia na wa vitabuni, kuanzia wafalme mpaka wezi wa hadithini. Mtu akitaka kujua mwanawe ana wajina gani duniani, afungue humo. Mkuu wetu, ambaye tulimwita Bwana Mistari kwa kuwa kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu mistari, alikata kauli tangu siku ya kwanza kwamba mtu aliye hai hana haki ya kuitwa mashuhuri. Bado anaweza kuharibu, alisema. Tungoje afe kwanza, tuone.

Mfalme alipewa mistari mitano na mwanachuoni minne. Mshairi alipewa mitatu, hata awe mkubwa namna gani, maana Bwana Mistari aliamini kuwa washairi wamekwisha kujisemea vya kutosha. Watu wa hadithini walipewa miwili na hawakuwekewa miaka, kwa kuwa hawakuzaliwa wala hawakufa. Wengine wote waliwekewa mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha mwaka wa kufa. Mwaka wa kufa ukiwa umepotea, kama ilivyo kwa wengi wa kale, tuliandika maneno manne ambayo mkono wangu uliyazoea hata ukawa unayaandika wenyewe huku mimi nawaza mboga ya jioni: mwaka wa kufa haujulikani.

Mimi nilikuwa karani wa kadi. Kila mtu mashuhuri alikuwa na kadi yake ya rangi ya maziwa, na kadi zote zilikaa katika droo za mbao zilizoziba ukuta mzima mpaka darini, kwenye chumba kinachonuka gundi, juu ya mtambo wa kuchapia. Mtambo ukiwashwa huko chini, droo zote zilitetemeka, na nilipenda kufikiri kwamba wafalme wanagongana vichwa humo ndani. Nilikaa chumba hicho miaka kumi na minne. Wanaouliza kwa nini kamusi moja ichukue muda wote huo hawajawahi kupanga kadi elfu arobaini kwa mkono, tena chini ya mkuu anayerudisha kadi kwa ajili ya nukta.

Mdogo wangu tulimwita Sultani. Jina lake halisi ni la kawaida kabisa. Darasani kwao walikuwa watatu, mwalimu akiita wanaitikia kwa pamoja. Lakini baba yetu alikuwa kinyozi, na kinyozi husikia mengi kuliko hakimu. Kila aliyekalia kiti chake aliulizwa kama anamfahamu mtu yeyote mkubwa wa zamani mwenye jina la mwanawe, na wateja, ambao shingo zao zilikuwa chini ya wembe, walijitahidi sana kukumbuka. Jumapili baba alimnyoa Sultani kwenye kibaraza chetu cha ghorofa ya nne, na kila alipomnyoa alimtajia wajina mmoja. Kuna aliyetawala siku arobaini akafa kwa kula tikiti. Kuna tabibu aliyeandika kitabu cha magonjwa ya macho huku yeye mwenyewe haoni. Kuna mwizi wa hadithini aliyeiba kengele, akaivaa kichwani ili isilie. Sikuwa na shaka kwamba mengine baba aliyapiga chuku, lakini Sultani aliyameza yote, na akitoka pale upara unang'aa alitembea kama mwenye nchi.

Mama alikuwa ndani kwenye cherehani yake, akisikiliza. Mama hajui kusoma, lakini wajina wa mwanawe aliwajua wote kwa mpangilio, na baba akikosea yeye ndiye aliyemsahihisha. Mimi nilipewa jina la bibi yangu, na mtu mashuhuri pekee aliyewahi kuwa nalo alikuwa bibi mwenyewe, aliyejulikana mtaa mzima kwa ugomvi. Niliona wivu, sifichi. Huenda ndiyo sababu nilipokua niliomba kazi kwenye kamusi.

Mwezi wangu wa tatu kazini, Sultani alikuja kunipitia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, fundi wa redio, vidole vyote vina alama za kuungua. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Akaniomba nimwoneshe droo ya jina lake, tukaivuta, tukakaa chini sakafuni nayo katikati yetu. Tabibu wa macho alikuwemo. Mwizi wa kengele alikuwemo. Aliyetawala siku arobaini alikuwemo pia, ingawa tikiti halikutajwa. Sultani aliishika kadi ile kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe mzee hakutudanganya." Tukacheka mpaka machozi, halafu yale machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kisha akachomoa kadi tupu mezani kwangu. "Na mimi je, dada?"

Nikamweleza sheria ya ofisi.

"Basi nianzie tu," alisema. "Utanimalizia baadaye."

Nikamwandikia, kwa mzaha, kwa mwandiko wangu mzuri wa kazini. Nikaandika jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na baada ya kistari nikaacha nafasi. Yeye akasema, mimi nikaandika: Fundi redio. Redio zilizokuwa bubu alizisemesha. Alikuwa na dada mmoja. Mistari mitatu, haki ya mshairi. Akaipachika mwenyewe mahali pake, mwisho kabisa wa droo, nyuma ya mshairi mmoja wa miaka ya karibuni aliyekufa kijana. Tukaisukuma droo ikafunga, tukaenda zetu nyumbani kula.

Mwaka uliofuata aliondoka kwenda kufanya kazi ya umeme kwenye migodi ya nchi ya mbali. Zilikuja barua tatu. Katika ya tatu alisema anahama pale na wenzake wawili, kuna kazi nzuri zaidi kwingine, akifika atatuma anwani. Tukangoja anwani. Niliandika kwa kampuni, nikaandika kwa ofisi za serikali za huku na za huko, nikapata majibu yenye mihuri mizuri yasiyosema kitu. Miaka ikapita kumi na moja. Ile kadi niliisahau kabisa, kama mtu anavyosahau mzaha wa siku ambayo mambo yalikuwa mazuri.

Mama hakusema amekufa, wala hakumruhusu mtu aseme. Kabatini kulikuwa na shati la Sultani la mistari ya buluu, na kila mwaka, mwezi aliozaliwa, mama alilifumua mishono akalipanua kidogo. Alisema mtu hawi na kifua kilekile toka ishirini mpaka thelathini. Kitambaa cha kuongezea alikitoa kwenye pindo na mfukoni, na kilipokwisha huko akatafuta kinachofanana nacho madukani, akanituma mara tatu kwa mistari ya buluu iliyokolea kidogo tu. Nilikwenda. Nilinung'unika njia nzima, lakini nilikwenda.

Shida ilikuwa nyumba. Ngazi zetu zina vidato sabini na viwili, havina pa kushika kuanzia ghorofa ya pili, na magoti ya mama yalikuwa yamekwisha. Fundi wa viatu aliyekuwa na kibanda chake chini ya ngazi alisema anamjua mama kwa sauti tu, kwa kumsikia akizungumza kibarazani. Daktari alinambia wazi: ngazi hizi zitamtia mama yako kitandani. Kila mwaka nilitafuta nyumba ya chini, na kila mwaka mama alikataa kwa maneno yaleyale. Anwani anayoijua mtoto ni hii. Akija akute nani? Akute mlango wa watu?

Tuligombana, na sikuwa mpole. Nilimwambia siku moja kwamba ana watoto wawili, na mmoja anapanda ngazi sabini na mbili kila siku na vikapu. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa akinijia, mtu mzuri, mwenye subira. Naye subira yake ilikwisha. Alisema hawezi kuoa nyumba inayomngoja mtu mwingine. Nilimwona ana roho mbaya, halafu nikamwona ana haki, na yote mawili hayakunisaidia.

Mwaka huu mama alipasuliwa goti, nikachukua likizo ya miezi miwili kumwuguza. Kazi yangu akashikishwa Mzee Koma, msahihishaji wetu, mtu mwaminifu mno ambaye angeweza kuona koma iliyokosekana kutoka upande wa pili wa barabara. Wakati huo ndipo uchapaji ulipofikia jina halisi la Sultani. Niliporudi nilikuta kikapu kimejaa vijikaratasi vyake, mia mbili na kumi na viwili, kila kimoja na swali: hapa mwaka huu ni sahihi, hapa mji huu ni huohuo, hapa hakuna mwaka wa kufa, niweke ile kawaida yetu? Bwana Mistari alivitaka vyote kabla ya Ijumaa. Nikakaa alasiri moja, nikavitia alama ya ndiyo, kimoja baada ya kingine. Kuna saa nzima ambayo sikumbuki niliona nini.

Kamusi ikatoka. Kila mfanyakazi alipewa nakala, nzito kama tofali la kujengea, na mimi nikaipandisha ngazi sabini na mbili nikiwa na furaha ya kweli. Jumapili mchana, vyombo vimeoshwa, mama akiwa kwenye cherehani na mguu wake umenyooshwa juu ya kigoda, aliniomba nimsomee. Hakusema nimsomee nini. Nikafungua jina la Sultani.

Nikasoma kwa sauti yangu ya ofisini, na mama akawa anatikisa kichwa kukubali kila mmoja alipopita, kama anayekagua wageni mlangoni. Mfalme wa siku arobaini. Hapo akasema tikiti mmelificha, nikasema Bwana Mistari hakulipenda. Tabibu wa macho. Amiri wa jeshi asiyemjua, akanirudisha nimsome tena. Mwizi na kengele yake. Mshairi aliyekufa kijana. Nikageuza ukurasa na mdomo ukaendelea wenyewe, kama ulivyozoea kwa miaka kumi na minne: jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa haujulikani, fundi redio.

Nilikuwa nimekwisha kusema. Cherehani ilisimama.

"Rudia," mama alisema.

Ningeweza kuruka. Hajui kusoma, asingejua. Lakini alikuwa amesikia, na sijawahi kumsomea mama uongo. Nikarudia yote. Redio zilizokuwa bubu alizisemesha. Alikuwa na dada mmoja.

Aliuliza, "Wale wengine wenye maneno hayo, walikufa kweli?"

"Hao ni watu wa zamani sana, mama."

"Nimekuuliza walikufa."

"Walikufa."

"Na kitabu chenu hakimwingizi aliye hai."

"Hakimwingizi."

Akakaa akiitazama sindano ya cherehani. Nilianza kumweleza, maneno yakagongana: kwamba ni kosa, ni mzaha wa zamani, ni kadi niliyoiandika mimi, ni Mzee Koma, ni mimi. Akainua mkono uliovaa subana, ile kofia ndogo ya chuma ya mshonaji.

"Kwa nini hukumtia na wale wa hadithini?" alisema. "Wale hawafi."

Akaniomba nimsaidie kuinuka, nikampeleka kitandani, akalala ameupa mlango kisogo. Nilisimama kwenye kizingiti na tofali langu mkononi. Nililia sana siku ile, kwa sababu nilijua kwamba mimi ndiye niliyemwandikia mdogo wangu kifo chake, nikakitia na alama ya ndiyo.

Kesho yake nilimfuata Mzee Koma mezani kwake, nikamwekea ukurasa mbele. Akausoma, akausoma tena, akavua miwani. Alikuwa hajui kwamba mwenye jina ni ndugu yangu; kwake ilikuwa kadi yenye kistari kisichokuwa na kitu mbele yake, na kila aliye na kadi amekufa, hiyo ndiyo sheria. Alitafuta kikapuni kijikaratasi chake akakiona, na alama yangu ikiwa pale pembeni. Hakunionesha, niliiona kwa jicho la pembeni. Alikikunja akakitia mfukoni, na kwa hilo nitamheshimu mpaka mwisho.

Alisema bado kuna njia. Nakala za kuuza zilikuwa hazijatoka ghalani, na Ijumaa itachapwa karatasi ya masahihisho ya kubandikwa ndani ya jalada. Angeweza kuandika hapo: ukurasa fulani, mtu wa mwisho, afutwe.

"Hatuwezi kuyafuta yale maneno manne tu?" niliuliza. "Abaki na kistari chake?"

Mzee Koma alinitazama kwa huruma kubwa. "Akibaki na kistari yuko hai, binti. Na aliye hai haingii. Ama abaki hivi alivyo, ama afutwe."

Nilimwomba anipe mpaka Ijumaa. Ilikuwa wiki mbaya. Jumanne jioni nilifungua kabati nikakuta shati halipo. Nikamwuliza mama, akasema amempa yule fundi wa viatu wa chini, si vizuri nguo kukaa bila mtu. Alisema hivyo huku anatia uzi kwenye bobini, sauti yake ya kila siku. Jumatano aliniambia nitafute nyumba ya chini. Akaitaja sifa moja tu, iwe na dirisha la kushonea. Alhamisi nilimkuta amekaa kibarazani, mahali baba alipokuwa akimnyoa Sultani, na mikono yake haina kazi. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono ile ikiwa haina kazi.

Nilijua ninachotakiwa kufanya. Nilitakiwa kupiga magoti mbele yake na kumwambia: mama, hakuna anayejua, kitabu hakijui, jana tulikuwa hatujui na leo pia hatujui. Lakini hapo angerudi kwenye kungoja kwake, arudi kwenye shati na ngazi, mpaka hizo ngazi zimwue. Au ninyamaze, na azike mtoto ambaye pengine wakati huohuo yuko mahali fulani ameinama juu ya redio. Nikajiambia kwamba nanyamaza kwa ajili ya magoti yake. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba Jumatano, aliposema nitafute nyumba, kifua changu kilifunguka kwa raha ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi, na niliona haya mpaka masikio yakawa moto.

Ijumaa nilimwambia Mzee Koma amwache. Sikuweza kuandika neno afutwe mbele ya jina lile. Ndivyo Sultani alivyobaki kitabuni.

Tulihama mwisho wa mwezi uliofuata. Nyumba mpya iko chini, ina vidato viwili tu vya mlangoni, dirisha kubwa, na mwenye nyumba asiyependa kelele za cherehani ila amezizoea. Vijana wanne wa kazi walimshusha mama kwenye kiti. Alifumba macho toka juu mpaka chini, nikadhani ni hofu ya kuanguka. Tulipopita kibanda cha fundi wa viatu, mama alifumbua macho, wakaamkiana, na mimi nikapita haraka nikiwa na mafurushi. Nilikuwa na karatasi mfukoni yenye anwani yetu mpya. Nilitaka kumwachia, lakini mama alikuwa pale pale, na ningewezaje, mbele ya mtu niliyemwacha aamini.

Karatasi ile ilikaa mfukoni mwangu wiki tatu. Kazini niliishika, njiani niliishika. Mama alikuwa na hali nzuri: anatembea mpaka dukani na fimbo, wateja wameongezeka, hata ameanza kunitania kwamba yule mwalimu mwenye subira angejua tumepunguza ngazi angerudi. Jina la Sultani halikutajwa. Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba katika nyumba yetu sasa anayengoja ni mimi peke yangu, na sikuwa na hata shati la kupanua.

Jumamosi ya nne nilipotoka kazini nilikwenda mtaa wa zamani. Fundi wa viatu alikuwa anashona soli, misumari mdomoni. Nikamwamkia, nikatoa karatasi, nikamweleza kwa aibu, nikizungukazunguka: ikitokea, si kwamba itatokea, lakini ikitokea mtu akaja akapanda ghorofa ya nne na kuuliza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatema misumari kiganjani.

"Hii ninayo," alisema.

Nikamwambia haiwezekani, anwani ni mpya, sijampa mtu.

Akageuka akachukua, kwenye rafu ya juu nyuma ya makopo ya rangi ya viatu, furushi lililofungwa kwa gazeti. Lilikuwa limefungwa vizuri, kwa uzi wa kushonea, fundo dogo la mama. Upande mmoja wa gazeti uliachia, nikaona mistari ya buluu, na baina yake mistari ya buluu iliyokolea kidogo tu. Ndani ya uzi kulichomekwa karatasi.

Fundi alikwaruza kidevu. Alisema aliambiwa asinieleze, lakini kwa kuwa nimekuja mwenyewe, haoni tena anamficha nani. Mama alishuka ile Jumanne ya shati, nikiwa kazini. Alishuka peke yake, kwa kukaa, kidato kwa kidato, na furushi mapajani. Ilimchukua asubuhi nzima, na kupanda kulichukua mchana wote uliobaki. Fundi alitaka kumbeba akakataliwa. Siku hiyo mama aliacha shati tu na maneno. Anwani aliileta siku ya kuhama: usiku wa kuamkia siku hiyo aliniuliza nyumba mpya ni mtaa gani, mlango namba gani, nikamtajia nikidhani ni udadisi wa mzee. Walipoamkiana ndipo alipomnong'oneza, na fundi akaiandika baadaye kwa kalamu ya kuchorea ngozi.

"Alisema nini hasa?" nilimwuliza.

"Alisema, mwanangu huyu mmoja nimemchosha. Kwake tumeshamzika ndugu yake, apate kupumzika. Wewe nikalie macho."

Nikachukua karatasi. Ilikuwa na mtaa wetu na namba ya mlango, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika, na chini yake mstari mmoja zaidi ambao mama alitaka uwemo: agonge kwa nguvu, dada yake ana usingizi mzito.

Nilikaa kwenye kigoda cha wateja. Fundi aliendelea na soli yake, akanipa heshima ya kutoniangalia. Nilichomeka karatasi yangu nyuma ya ile ya mama, nikalifunga furushi kwa fundo lilelile, nikalirudisha kwenye rafu kwa mkono wangu.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa dirishani, anashona kwa mwanga wa mwisho wa jioni. Akaniuliza mbona nimechelewa. Nikamwambia nilipitia kwa yule fundi wa viatu wa zamani, kisigino kililegea. Hakunitazama miguuni.

"Hajambo?"

"Hajambo."

Sindano ikaingia, ikatoka. Ikaingia tena.

"Hana habari yoyote?" aliuliza.

"Hana, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya wajina walipopita mmoja mmoja. Kisha akaninyooshea sindano na uzi, akasema macho yake leo hayafai kitu, hebu nimtilie.